Ushangi wa Vachnari na Jina Alilokataza

Ndugu, majirani na wote mliopanda kilima cha kanisa kwa miguu katika tope hili la Novemba, aliyelazwa mbele yenu ni Ushangi, mwana wa Solomoni na Mzevinar Berikashvili, mwenye shamba la mizabibu la upande wa juu wa Vachnari. Wasifu huu umeandikwa na binti yake, Lamzira, na ndiye anayeusoma. Sifa tamu zitatolewa baadaye na kiongozi wa meza ya matanga, ambaye kazi yake ni hiyo na koo lake limeshaandaliwa. Hapa yatasemwa yaliyotokea. Marehemu alikuwa na pua iliyonusa uongo kabla mwenye nao hajavua viatu mlangoni, na Lamzira hana hakika kama pua hiyo imelala.

Kuna jambo moja lazima lisemwe mapema, kwa kuwa kijiji kizima kinalijua na kinajifanya hakilijui. Tarehe 14 Januari 2018, mbele ya mkewe, marehemu alimwagiza Lamzira kwamba siku ya mazishi yake jina la mwanawe wa kiume lisisomwe miongoni mwa aliowaacha, wala lisichapwe kwenye karatasi. Mlioshika karatasi mmeshaanza kuipindua mkitazama chini kabisa ya ukurasa wa nyuma. Lamzira anawaona, hata wewe, jirani yetu Jumber. Tutafika huko.

Alizaliwa Ijumaa, tarehe 11 Oktoba 1946, wiki ya mavuno. Asubuhi mama yake alikuwa akichuma zabibu, na ilipofika saa sita alikuwa amejifungua katika chumba kilicho juu ya marani, ghala letu la divai. Baba yake alikuwa chini, ndani ya mtungi uliozikwa ardhini, akiuosha. Jirani mmoja akaenda akainama kwenye mdomo wa mtungi na kupiga kelele: "Solomoni! Umepata mtoto!" Sauti ikatoka ardhini: "Wa kike au wa kiume?" "Wa kiume!" "Mzima?" "Mzima, na ana makelele huyo!" "Basi mwambieni angoje kidogo, nimebakiza maji mawili." Marehemu aliisimulia hadithi hii kila harusi, na kila mwaka maji yaliyobaki yaliongezeka. Mara ya mwisho yalikuwa yamefika saba.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia 1953 hadi 1961, kisha akaingia chuo kimoja cha ufundi wa mvinyo kule mjini Telavi, akahitimu Juni 1966. Huko ndiko pua yake ilipoanza kumtafutia maadui. Mwaka wa pili mwalimu alimimina divai ya pipa la chuo, vijana wakaonja mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakasifu. Zamu ya Ushangi ilipofika, alinusa tu, akairudisha glasi mezani. "Samahani, mwalimu. Humu mna nguo ya mtu." Alitolewa nje kwa utovu wa adabu. Pipa lilipomwagwa mwisho wa mwaka ilitoka soksi ya sufu, moja tu, na mwenye nayo hakujitokeza. Mwalimu hakumwomba radhi, na wenzake waliokuwa wameinywa na kuisifu walimchukia kuliko mwalimu alivyomchukia.

Kuanzia tarehe 1 Machi 1968 hadi mwaka 1991 alifanya kazi ya kuonja katika kiwanda cha serikali. Miaka hiyo ishirini na mitatu aliitaja kwa neno moja, karaha, halafu akabadilisha mazungumzo. Aliona sukari ikitiwa kwa koleo, maji kwa mpira, na rangi kutoka kwenye madumu yasiyo na maandishi. Aliona takataka hiyo ikipakiwa kwenye treni na picha za nishani kwenye lebo. Jioni akirudi nyumbani, kabla hajamsalimu mtu, alikwenda kisimani akasukutua mdomo kwa maji ya chumvi na kutema mara tatu. Lamzira alikua akidhani kila baba hufanya hivyo akitoka kazini.

Shamba la ukoo liliporudi mikononi mwake kutoka kwa serikali, mwaka 1994, aliapa kwamba kwake hakitaingia kitu chochote isipokuwa zabibu. Akafukua mitungi mitatu ya baba yake. Huo mkubwa kupita yote, wa lita elfu mbili, ndio familia iliouita Ajuza. Zabibu zilikanyagwa zikatiwa mitungini pamoja na maganda, kokwa na vikonyo vyake, mitungi ikafunikwa kwa jiwe na udongo, na hakuna aliyegusa kitu hadi Aprili. Ilitoka divai ya rangi ya kaharabu, yenye kukaza ulimi kama chai ya rangi iliyokolea. Wageni walikuja na jina lao, wakaiita divai ya machungwa, na marehemu hakuacha kuwauliza ni nani aliyetia machungwa.

Sharti lake mnalijua, maana wengi wenu amewahi kuwafukuza kwa sababu yake. Kabla zabibu hazijaingia, mtu hushuka ndani ya mtungi na burashi ya magome ya mcheri. Humo mna giza. Mna mashapo meusi ya mwaka jana, utelezi, inzi waliooza, na harufu inayokaa kwenye nywele siku tatu hata ukioga kwa siki. Mtu husugua, akatoa maji machafu kwa ndoo, akasugua tena, akatoa tena, mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Kisha huchota kikombe kimoja cha maji hayo ya mwisho na kuyanywa mbele ya mwenye nyumba. Aliyeosha sawasawa hunywa. Anayesitasita hurudishwa chini na burashi yake.

Hivyo ndivyo alivyooa. Nazibrola alikuwa binti wa ng'ambo ya mto Alazani, na kaka zake watatu walimwambia Ushangi kwamba mtu wa kiwandani, anayekula mshahara wa sukari, hapewi dada yao. "Kama wewe ni mwanamume wa marani," alisema mkubwa wao, "mtungi ule pale." Ushangi alikuwa amevaa suti ya kuazima kwa mtunza vitabu wa kiwanda. Hakuivua. Alishuka nayo, akakaa humo saa tatu, akatoka hatambuliki, akanywa maji ya mwisho na kumpa kila shemeji kikombe chake. Mdogo wao alikataa. "Basi rudi ndani ukaangalie nilipokosea," Ushangi alimwambia, na kijana akanywa. Nazibrola aliyeangalia yote hayo kutoka dirishani alisema: "Mnipe huyu, ila kwanza aogeshwe." Walifunga ndoa Jumapili, tarehe 21 Novemba 1971. Suti haikurudishika. Mungu aliwajalia Lamzira mwaka 1972, na mwana wa kiume mwaka 1979.

Mwana huyo, kwa kuwa hatuwezi kwenda mbele bila kumtaja, ni Tornike. Agizo lilihusu orodha ya waliobaki, na orodha haijafika.

Tornike alizaliwa na tumbo jepesi. Akipita karibu na banda la nguruwe alitapika, akiona yai lililooza alitapika, na alipokuwa na miaka kumi na mitano, baba yake alipomteremsha kwenye mtungi mdogo kabisa ili ajifunze, alitapika humo humo ndani na ukalazimika kuoshwa upya. Ushangi alicheka mpaka akakaa chini. "Utazoea," alimwambia. Hakuzoea. Alichokuwa nacho Tornike ni mdomo. Kuanzia mwaka 2009 alianza kuleta wageni, akawapa mkate wa tanurini, jibini na hadithi, nao wakanunua. Tusimnyime haki yake, aliwafanya watu wa mbali waijue Vachnari. Ila mdomo ule ulikuwa na tabia ya kukimbia mbele ya mikono yake.

Septemba 2016 marehemu alivunjika nyonga na hakuweza kushuka popote. Alikaa kwenye kiti uani, mlangoni mwa marani, akamwambia Tornike amwoshee Ajuza. Tornike akashuka. Burashi ikasikika ikikwangua, ndoo zikapanda na maji machafu, kisha maji yasiyo machafu sana, kisha kimya, kisha Tornike mwenyewe akatoka, uso umemparama, kikombe mkononi. Alikunywa chote mbele ya baba yake. "Umenifurahisha, mwanangu," Ushangi alisema, na macho yake yakalengwalengwa na machozi. Hayo ni maneno ambayo Lamzira hakuwahi kuambiwa.

Yale hayakuwa maji ya Ajuza. Tornike hakuwa amesugua chini ya mabega ya mtungi. Alitapika mara alipofika chini, akapanda ngazi hadi karibu na mdomo wa mtungi, akawa anakwangua hapo hapo kama kuku anayechakura, ili mzee asikie. Maji aliyokunywa yalitoka kwenye chupa aliyoificha ndani ya buti. Lamzira alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa ghala na aliiona chupa. Alinyamaza. Kwamba binti yake aliona akanyamaza, hilo marehemu hakulijua mpaka anaingia kwenye jeneza hili, na leo ndiyo mara ya kwanza linasemwa kwa sauti. Wiki iliyofuata Lamzira aliandika maneno ya lebo mpya, chini ya picha ya baba yake anayetabasamu: "Mitungi yetu huoshwa kwa mkono, na maji ya mwisho hunywewa." Akaona yamekaa vizuri.

Aprili 2017 Ajuza alipofunguliwa, harufu iliyotoka haikuhitaji mtaalamu. Ilikuwa ya panya aliyekufa nyuma ya kabati, na chini yake siki. Mtu mwenye haya angemwaga. Tornike alikuwa ameshaahidi divai hiyo, na marehemu wakati huo alikuwa amekatazwa na daktari kuonja kitu, basi Tornike akaifunga kwenye chupa mia nane na kumwambia baba yake kwamba mwaka huu imetoka ya aina yake. Hapo tu hakudanganya.

Mwezi Juni walikuja wanunuzi watatu kutoka mbali, pamoja na binti mkalimani kutoka Tbilisi. Meza iliandaliwa uani. Ushangi alikuwa ameruhusiwa na daktari siku nne kabla, akaketi mbele kabisa na fimbo yake, amenyoa. Tornike akamimina. Mgeni wa kwanza alitumbukiza pua kwenye glasi na kufumba macho.

"Anasema ina uhai," mkalimani akasema.

Wa pili akanywa, akatikisa kichwa pole pole. "Huyu anasema anasikia zizi. Ngozi iliyolowa. Anasema shamba lote limo humu."

"Zizi?" Ushangi akauliza.

"Anasifu, mzee."

"Nani anasifu zizi? Hebu nipe na mimi."

"Baba, daktari kasema pole pole," Tornike alisema, akaivuta glasi upande wake.

"Daktari si mwenye nyumba. Lete."

Alionja. Wote waliokuwepo wanakumbuka ule uso. Haukukunjwa pua tu, ulikunjwa wote, mpaka masikio yalirudi nyuma. Kisha akatema. Hakugeuka pembeni, hakutafuta ardhi. Alitema kwenye kitambaa cheupe cha meza, katikati ya mkate na jibini.

"Panya," alisema. "Humu mna panya, na aliyemimina anajua."

Mkalimani alimtazama Tornike. Tornike akampa ishara ya kichwa. Binti akasema maneno machache kwa lugha yao, na wageni wote watatu wakampigia mzee makofi.

"Umewaambia nini?" Ushangi akauliza.

Binti alikuwa mwekundu hadi shingoni. "Nimewaambia… mzee anasema hata wanyama wadogo wa shamba wamo ndani ya divai hii."

Mgeni wa kwanza alitoa daftari akayaandika maneno hayo. Walinunua chupa zote mia saba zilizokuwa tayari kwa safari, kila moja na uso wa Ushangi juu yake. Lamzira ameuza dawa Telavi miaka ishirini na tano, ameona vidonda vya kila namna, lakini hajawahi kuona kitu cha kutia kichefuchefu kama watu wazima watatu wakivishana kilemba cha ukoka juu ya uvundo, na ndugu yake akiwajazia glasi.

Wageni walipoondoka marehemu alimwita Tornike ndani ya marani. Lamzira alisikia yote, kwa kuwa siku hizo kusikiliza milangoni ndiyo ilikuwa kazi yake.

"Ulikunywa maji ya wapi?"

"Baba, wameipenda. Umeona mwenyewe."

"Sikuulizi habari za wao. Ulikunywa maji ya wapi?"

"Ya chupa."

"Kwa nini?"

"Nilishuka nikatapika. Sikuweza, Baba. Siwezi."

"Ungesema."

"Ungenicheka."

"Ningekucheka," Ushangi alisema, "halafu ningemwita Jumber aoshe. Sasa nani hatanicheka mimi? Sura yangu iko juu ya mzoga huko duniani."

Zile chupa mia zilizobaki alizipanga uani siku ya pili, akaketi na kisu cha kuchongea, akaanza kukwangua uso wake mwenyewe kwenye kila lebo. Ilimchukua siku mbili. Kisha zikamwagwa korongoni, na nguruwe wa Jumber walikwenda kunusa, wakageuka. Tangu siku hiyo hakuonja tena divai ya nyumba yake hata tone, ingawa Jumber aliendelea kumwoshea mitungi kila mwaka na ilikuwa safi. Mtu wa mkoa wetu wa Kakheti, mwenye mitungi mitatu, alikaa mezani kwake na maji. Watu walidhani ni maradhi. Ilikuwa kinyaa, na kinyaa hakina dawa kwenye duka la Lamzira.

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Januari 2018, tuliposherehekea mwaka mpya wa kalenda ya zamani, familia ilikuwa mezani. Marehemu aliagiza bia. Kila mtu akaacha kula. Kwetu bia hunyanyuliwa kwa yule unayemtakia mabaya, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kuifungua kwenye meza ya sherehe. Akaimimina, akasimama kwa fimbo.

"Tornike. Kwa afya yako."

"Ushangi, weka chini hiyo," Nazibrola alisema. "Wajukuu wanaangalia."

"Waangalie. Wajue babu yao anafikiri nini."

Akainywa yote. Asubuhi alimwita Lamzira, akatoa agizo ambalo mmeshalisikia, na alipoulizwa sababu alijibu hivi: "Mwana asiyeweza kuosha si mwanangu." Tornike alihamia kwenye kibanda cha wageni mwisho wa shamba. Alimwamkia baba yake kwa mbali miaka mitano na nusu, na hakuitikiwa.

Jumamosi, tarehe 9 Septemba 2023, marehemu alipigwa na kiharusi akiwa anakagua zabibu. Upande wake wa kulia ulikufa. Katika maneno yote aliyokuwa nayo yalibaki manne: toka, maji, hapana, na uvundo. Alibaki pia na pua yake, nzima kabisa, na huo ulikuwa ukatili, maana hakuweza tena kuzuia haja zake, kubwa wala ndogo, na alijinusa mchana kutwa.

Nani angemsafisha? Nazibrola ana miaka sabini na minne na magoti yake hayakunjiki. Muuguzi wa kulipwa alikaa siku tatu, akatupiwa bakuli, akaondoka. Basi Lamzira akapiga moyo konde, akaja kutoka Telavi na glavu zake za dukani. Alifunua shuka. Alifika mlangoni akiwa ameziba pua kwa leso, akafika kisimani, akatapika hapo hapo alipokuwa baba yake akisukutua mdomo zamani. Alijaribu mara ya pili siku ya pili na hakufika hata kitandani. Anayasema haya mbele ya kanisa kwa sababu ni yeye aliyekuwa akimsema Tornike kila sikukuu, miaka mitano mfululizo, kwamba ni mwanamume wa tumbo la kike.

Siku ya tatu Tornike aliingia bila kubisha. Alikuwa na ndoo mbili na taulo begani.

"Toka," Ushangi alisema.

"Nitatoka nikimaliza."

"Toka!" Na mkono wa kushoto, ambao bado ulikuwa na nguvu, ukamchapa kijiko cha supu usoni.

Siku hiyo ya kwanza Tornike alitapika mara tatu, kila mara akatoka nje, akanawa, akarudi. Alipomaliza, mzee aliinua mkono wake mzima, akaunusa kuanzia kiganja hadi kiwiko, akasema: "Uvundo." Tornike hakubisha. Akaenda akaleta maji mengine, akaanza upya kutoka shingoni. Mzee akanusa tena. "Uvundo." Maji ya tatu. Safari hii Ushangi alinusa muda mrefu, akageuza uso ukutani.

"Shukuru," Nazibrola alimwambia mwanawe pale mlangoni. "Angalau hayo hakukwambia uyanywe."

Tornike alicheka mpaka akaegemea ukuta, mikono yake ingali imepakaa, na mama yake akacheka naye, na Lamzira aliyekuwa uani akisikia kicheko hicho alijiona mtu mchafu kuliko kitu chochote kilichokuwa ndani ya ile ndoo. Ilikuwa hivyo kila siku kwa miezi kumi na minne, asubuhi na jioni, na mara nyingine katikati. Hata mwezi wa mwisho Tornike alikuwa bado anatapika. Tumbo lake halikubadilika. Alikuwa anajua ndoo ipi ni ya baba na ipi ni yake.

Wiki ya mavuno mwaka huu Lamzira alikaa kando ya kitanda, Tornike akiwa ameenda kumwaga maji. Akauliza waziwazi: "Baba, lile agizo la jina la Tornike. Nilifute?"

"Hapana."

"Baba, mtu huyu anakuosha mara mbili kwa siku."

"Hapana."

"Umenielewa ninachokuuliza?"

Marehemu alimtazama kwa macho makavu, yenye akili zote, akasema mara ya tatu: "Hapana." Lamzira alitoka chumbani na kinyaa ambacho hakuwahi kumwonea baba yake, hata siku ile alipomkimbia kwa harufu. Kumpenda, alimpenda. Lakini siku ile alimchukia. Hakumwambia Tornike. Tornike anayasikia sasa hivi pamoja nanyi.

Ushangi Berikashvili alifariki Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minane na mwezi mmoja. Daktari aliandika kiharusi cha pili. Tornike alikuwa ameshamwosha, mzee alikuwa ameshanusa mkono wake na kunyamaza, na Tornike alikuwa akimfunga vifungo vya shati alipoona kwamba kifua hakinyanyuki. Akamalizia vifungo viwili vilivyobaki, ndipo akamwita mama yake. Jadi inataka watu wa nje waje kumwandaa marehemu. Walipofika, walimkuta hana wanachoweza kumfanyia.

Mezani leo mtakunywa divai ya Jumber, kwa kuwa ya kwetu bado iko mitungini na maganda yake. Mtu yeyote akija kumwambia Lamzira, glasi mkononi, kwamba ile ya mwaka 2017 haikuwa mbaya sana, atajibiwa mbele ya watu. Ilikuwa uchafu. Aliyeifunga kwenye chupa alidanganya, na aliyeandika lebo alidanganya akijua, na tofauti ya wawili hao ni kwamba mmoja alikatazwa jina na mwingine amepewa heshima ya kusoma wasifu.

Baba alisema mwana asiyeweza kuosha si mwanawe. Siku aliposema, ilikuwa kweli. Leo si kweli, na Lamzira hawezi kusimama kando ya jeneza la mtu huyu, kati ya watu wote, na kusoma karatasi yenye uongo. Miaka hamsini na miwili hajawahi kumkaidi. Anamkaidi sasa.

Ushangi ameacha mjane, Nazibrola, wa ndoa iliyobakiza siku tisa kutimiza miaka hamsini na mitatu. Wajukuu wawili, Dachi na Mzevinar. Binti mmoja, Lamzira. Na mwana mmoja, Tornike.

Mungu amlaze baba yetu pema. Wabebaji, sogeeni. Tornike, wewe shika upande wa kichwa.